Aibu ya Mchapaji, Riziki ya Mkusanyaji

Mwaka 1989 kampuni ya Fleer ya Philadelphia ilitoa seti yake ya kadi za besiboli, kadi 660 zenye picha za wachezaji wa ligi kuu ya Marekani. Namba 616 ilikuwa ya Billy Ripken wa Baltimore Orioles, mchezaji wa wastani ambaye wengi walimjua kwa kuwa mdogo wake nyota Cal Ripken. Kwenye picha Billy amesimama ametulia, gongo kaliegemeza begani. Hakuna la ajabu mpaka jicho lifike kwenye kitako cha gongo. Pale, kwa herufi kubwa nyeusi zinazosomeka bila miwani, kumeandikwa tusi la maneno mawili ambalo mhariri wangu hawezi kuliruhusu likufikie Jumapili asubuhi.

Picha hiyo ilipigwa Fenway Park, uwanja wa Boston. Ikapita kwa mpigapicha, kwa aliyeichagua, kwa aliyepanga kurasa, kwa waliotengeneza pleti za kuchapia, kwa wachapaji, kwa wakataji na wafungaji wa pakiti. Wote hao hawakuona kitu, au waliona wakanyamaza. Watoto walipofungua pakiti waliona mara moja, na habari ikasambaa hadi kwenye magazeti na televisheni za nchi nzima.

Fleer wakalazimika kurekebisha, na walirekebisha kwa pupa. Kuna kadi ambazo tusi limepakwa rangi nyeupe. Kuna zilizochorwachorwa juu yake kama daftari la mwanafunzi aliyekosea hesabu. Mwishowe wakatulia kwenye mraba mweusi unaofunika kitako chote, na huo ndio uliochapwa kwa wingi zaidi. Ripken mwenyewe alikwepakwepa maswali kwa karibu miaka 20 kabla ya kukiri kwamba mwandiko ni wake: lilikuwa gongo zito la mazoezi, naye alitaka kulitambua haraka kati ya mengine.

Sasa muulize mtu asiyejua biashara hii ni Ripken yupi mwenye bei kubwa kuliko wote. Atakujibu bila kufikiri: yule mwenye tusi. Sivyo. Aliye ghali zaidi ni yule aliyepakwa rangi nyeupe. Kadi ya tusi ilishatoka kiwandani kwa wingi kabla mtu hajashtuka, lakini rangi nyeupe ilikuwa jaribio la muda mfupi, kisha likaachwa. Mnunuzi analipia zaidi kiraka kuliko shimo lenyewe.

Nimeanza na Ripken kwa sababu kisa chake kinajibu swali ambalo kila mtu mwenye boksi la kadi za zamani hujiuliza siku moja anapokuta jina limekosewa herufi au rangi imehama: je, kosa la uchapaji huipandishia kadi bei? Jibu langu ni kwamba kosa peke yake halina bei. Kinachoipa kadi bei ni siku mtu kiwandani alipogundua, akasimamisha mashine na kurekebisha. Asiposimamisha, kosa linabaki kuwa sura ya kawaida ya kadi hiyo, na hakuna atakayelipa ziada kupata kitu ambacho kila mtu anacho.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzishika: kadi hizi zilianza karne ya 19 kama vipande vya karatasi ngumu ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikahamia kwenye bazoka na peremende. Topps ya Brooklyn, watengenezaji wa ile Bazooka yenyewe, ndio waliotawala soko la Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Leo ni mali. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya mwaka 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Mwaka huohuo kadi ya Honus Wagner, iliyotoka kati ya 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mantle yule hakuuzwa kwa ajili ya kosa; alilipiwa usafi wa kadi iliyokaa miaka 70 bila kona kukunjika. Wagner naye ni adimu kwa sababu mwenyewe hakutaka picha yake iendelee kuuzwa na sigara. Kileleni mwa soko hili, basi, makosa hayapo.

Dosari za kila siku

Kadi hazichapwi mojamoja. Karatasi pana ya Topps ilibeba kadi 132, safu 12 za kadi 11 kila moja, na ilipita kwenye rangi nne: bluu, waridi iliyokoza, njano na nyeusi. Kila rangi ina pleti yake. Rangi moja ikiteleza hata kwa upana wa unywele, sura ya mchezaji inaonekana kama ina midomo miwili. Wino ukipungua, kadi inapauka. Tone likidondoka, linaacha doa la duara ambalo wakusanyaji wanalijua vizuri. Kisu kikienda upande, kadi moja inabeba ukingo wa jirani yake. Karatasi ikigeuzwa vibaya, mbele anakuwa mtu mmoja na nyuma takwimu za mwingine.

Dosari za namna hii ni nyingi mno, na kwa kawaida hushusha bei. PSA, kampuni ya Kalifornia inayopima hali ya kadi kwa alama 1 hadi 10 na kuzifungia ndani ya plastiki ngumu, ina alama maalumu za kuziumbua. OC ni kadi ambayo picha haiko katikati. MC ni iliyokatwa vibaya. PD ni yenye dosari ya uchapaji. Kadi iliyopata 9 ikabandikwa PD pembeni haiuzwi kwa bei ya 9. Wanunuzi huichukulia kama imeshuka daraja moja au mawili. Kwa maneno mengine, mahali ambapo uzuri wa kadi hupimwa rasmi, kosa la uchapaji limeorodheshwa pamoja na madoa na mikwaruzo.

Hili huwauma wengi. Mtu anakuta nukta ya wino kwenye paji la uso wa Ken Griffey, anaingia eBay, anaona mwenzake ameitangaza kadi kama hiyo kwa dola 10,000, naye anaanza kupiga hesabu ya gari. Bei ya kutangaza haina maana yoyote. Mimi naweza kuitangaza kalamu yangu kwa milioni kumi kesho asubuhi. Angalia zilizouzwa kweli, na mara nyingi utakuta hakuna, au utakuta moja iliyoondoka kwa dola mbili.

Hank Aaron na mtu asiyemfahamu

Mfano ulionishawishi kuliko yote ni wa kadi mbili zenye kosa lilelile, zilizopishana miaka 25.

Mwaka 1957 Topps walitoa kadi ya Hank Aaron, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo, aliyemaliza na mipira 755 aliyoipiga nje ya uwanja. Aaron alipiga kwa mkono wa kulia maisha yake yote ya ligi kuu. Kwenye kadi anapiga kwa kushoto. Filamu iligeuzwa wakati wa kutengeneza pleti, na ukiangalia namba 44 kwenye jezi yake, imegeuka pia. Ni kosa kubwa, la wazi, kwa mtu maarufu. Topps hawakulirekebisha. Kila Aaron wa 1957 ni wa kushoto. Kadi hiyo ni ghali, lakini ni ghali kwa sababu ni Aaron na kwa sababu ni ya 1957. Kosa halikuongeza hata senti, kwa kuwa hakuna Aaron mwingine wa mwaka huo, aliyenyooka, wa kumlinganisha naye.

Mwaka 1982 Fleer waliigeuza filamu ya John Littlefield wa San Diego Padres. Huyu hakuwa Aaron. Alicheza ligi kuu misimu miwili tu, tena seti ilipotoka alikuwa ameshacheza mchezo wake wa mwisho wa ligi kuu. Anarusha kwa mkono wa kulia. Kwenye kadi anaonekana wa kushoto. Fleer waliliona kosa mapema, wakalirekebisha. Littlefield aliyesahihishwa hana thamani hata ya bazoka. Littlefield aliyegeuzwa huuzwa zaidi ya dola mia moja.

Kosa ni lilelile, na umaarufu wa wachezaji hawa hauwezi kulinganishwa. Tofauti iliyobaki ni kwamba moja lilirekebishwa na jingine likaachwa. Wenye orodha za bei walilijua hili zamani. Jarida la James Beckett, mtakwimu aliyeigeuza burudani hii kuwa hesabu kuanzia 1984, linaandika ERR kwa kadi yenye kosa, COR kwa iliyosahihishwa, na UER kwa yenye kosa ambalo halikusahihishwa kamwe. Anayeijua biashara akiona UER anafunua ukurasa.

Na UER zingine zinachekesha kweli. Mwaka 1959 Lew Burdette, mrushaji wa mkono wa kulia wa Milwaukee Braves, alivaa glovu ya mtu wa kushoto akapiga pozi kama wa kushoto ili kumchezea mpigapicha shere. Topps wakaichapa hivyohivyo, wakaongeza na lao: jina lake wakaliandika Lou. Mwaka 1969 kadi ya Aurelio Rodríguez wa California Angels ilitoka na picha ya kijana wa kuokota magongo wa timu hiyo. Rodríguez mwenyewe hayumo kabisa. Ukitegemea kwamba ukubwa wa kosa ndio hupanga bei, kadi hiyo ingekuwa ya kujengea nyumba. Ni ya bei ya soda.

Jina lililopotea

Upande wa pili wapo walioangukiwa na bahati. Katika seti ileile ya Wagner, inayoitwa T206, jina la Sherry Magee wa Philadelphia liliandikwa mwanzoni Magie, kisha likarekebishwa upesi. Herufi moja tu. Magee wa sawasawa anapatikana kwa mtu mwenye subira. Magie huanzia maelfu mengi ya dola hata akiwa amechakaa, na aliye safi amewahi kufika laki kadhaa. Seti hiyohiyo ilimwandikia Joe Doyle kwamba anacheza New York ya ligi ya National, kumbe huyo alikuwa Larry Doyle. Joe alikuwa wa timu nyingine ya New York, ya ligi ya American. Neno la ligi likafutwa haraka. Kadi zilizobaki na neno hilo ni chache sana, na kila inapojitokeza moja nyumba za mnada huandika habari.

Lakini kadi ya kosa inayotajwa kuliko zote katika nyakati zetu ni ya mwaka 1990, namba 414 ya Topps, ya Frank Thomas. Alikuwa kijana mwenye mwili mkubwa kutoka chuo kikuu cha Auburn, aliyechaguliwa na Chicago White Sox mwaka 1989. Hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu wakati kadi inachapwa. Baadaye alipiga mipira 521 nje ya uwanja, akawa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1993 na 1994, na mwaka 2014 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa Cooperstown. Kadi yake hii ya kwanza ya Topps ilichapwa kwa wingi usiosemeka. Unaweza kuipata kwa dola chache.

Isipokuwa baadhi. Katika baadhi ya karatasi kitu fulani kilizuia wino mweusi usifike kwenye eneo moja. Rangi nyingine tatu zilipita salama, kwa hiyo picha inaonekana ya kawaida, nyasi ni nyasi na ngozi ni ngozi. Kilichokosekana ni kile ambacho wino mweusi peke yake ulikichora: kisanduku cha jina chini ya picha ni kitupu kabisa, na mstari mwembamba mweusi unaoizunguka picha umekatika. Geuza nyuma, kila kitu kipo, jina, uzito, chuo alichotoka. Kadi moja ya namna hii inauzwa maelfu ya dola hata ikiwa na kona butu.

Kinachonivutia zaidi ni majirani zake. Wino ulipokosekana haukuchagua nyota. Uliruka sehemu ya karatasi, na kadi kadhaa zilizokaa karibu na Thomas zilipoteza weusi wao pia, hapa kipande cha mstari, pale nusu ya herufi. Ajali ni ileile, siku ileile, kwenye mashine ileile. Wapo wakusanyaji wachache wanaozitafuta hizo kadi za majirani ili wajenge upya karatasi nzima, nao hulipa vizuri, lakini bei zake hazikaribii ya Thomas. Hapo naongeza sharti la pili: uadimu hutengenezwa kiwandani, ila lazima kuwe na watu wengi wanaoitaka kadi hiyo. Kwa Thomas ilibidi pia jicho la kawaida lione tofauti kwa sekunde moja. Jina lisilokuwepo linaonekana hata na mtoto.

Postamasta aliyeua bahati

Aliyelijaribu wazo hili kwa vitendo, tena kwa makusudi, ni serikali ya Marekani, na alilijaribu kwenye stempu. Wakusanyaji wa kadi walirithi mengi kutoka kwa wakusanyaji wa stempu, ambao tangu 1918 wamekuwa wakiota ile stempu ya senti 24 yenye ndege iliyochapwa kichwa chini. Karatasi moja tu ya stempu 100 ndiyo iliyopita dirishani, na mwaka 2023 stempu moja kati ya hizo iliuzwa kwa zaidi kidogo ya dola milioni mbili.

Oktoba 1962 Marekani ilitoa stempu ya senti nne ya kumkumbuka Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka mmoja kabla, akiwa njiani kwenda kutafuta usitishaji wa vita vya Katanga. Mkusanyaji mmoja wa New Jersey aligundua kwamba karatasi aliyonunua ina rangi ya njano iliyopinduliwa. Alikuwa ameshika utajiri. Waziri wa posta, J. Edward Day, alipopata habari alisema serikali haiendeshi bahati nasibu, akaamuru kosa lile lirudiwe kwa makusudi. Zikachapwa stempu milioni 40 zenye kosa. Mgunduzi alikimbilia mahakamani, akachelewa. Leo stempu hiyo ya kosa unaipata kwa bei ya kashata.

Day hakugusa kosa. Njano bado ilikuwa imepinduka, bado ilikuwa aibu ya mchapaji wa serikali. Alichoondoa ni uadimu, na bei ikafa papo hapo. Mwenye shaka na hoja yangu aanzie hapo.

Miaka ya wazimu

Hadi 1980 Topps walikuwa karibu peke yao sokoni. Mahakama ilipoufungua mlango, Fleer na Donruss waliingia mwaka 1981 wakiwa na miezi michache tu ya kujiandaa, na haraka hiyo ilionekana. Fleer walimwita Graig Nettles wa New York Yankees jina la Craig, wakarekebisha, na watu wakaanza kufukuzia Craig. Kuanzia hapo kizazi kizima kilijifunza kuzisoma kadi kwa lenzi kama mhakiki wa tasnifu.

Kufikia 1989 na 1990 ulikuwa wazimu. Upper Deck, kampuni mpya iliyojinadi kwa ubora wa hali ya juu, ilimgeuza Dale Murphy ikamrekebisha, na Murphy wa kosa akauzwa kwa makumi ya dola siku ambazo pakiti nzima ilikuwa chini ya dola moja na nusu. Donruss walimgeuza Juan González. Wakabandika picha ya Tom Glavine kwenye kadi ya John Smoltz. Pro Set, waliochapa kadi za futiboli ya Kimarekani, walikosea na kurekebisha mara nyingi kiasi kwamba kufuatilia matoleo yao ikawa kazi ya kutwa. Wakusanyaji wakaanza kunong'ona kwamba makampuni yanakosea kwa makusudi ili pakiti zitoke. Sijaona ushahidi wa kunitosheleza kwamba ilikuwa njama. Uzembe na pupa vinatosha kueleza mengi. Lakini shaka yenyewe ilikuwa sumu. Mtu hulipia ajali. Akihisi imepangwa, mkono unarudi mfukoni.

Wala shaka haikuwa imetoka hewani. Mwaka 1933 kampuni ya bazoka ya Goudey ya Boston iliacha kabisa kuchapa namba 106, na watoto wakaendelea kununua pakiti wakiitafuta kadi isiyokuwepo. Waliolalamika walitumiwa kwa posta mwaka uliofuata kadi ya Nap Lajoie, ambayo sasa ni mali kubwa.

Kilichoua makosa ya miaka ya tisini, hata hivyo, ni wingi. Makampuni yalichapa kadi mpaka zikajaa gereji na maghala, na hata kadi iliyorekebishwa mapema ilikuwa imeshatoka kwa idadi ya kuwatosha wote wanaoitaka. Murphy yule leo ni bei ya chakula cha mchana. González wa kushoto ni nafuu zaidi.

Soko halikukoma kuchangamkia mkanganyiko. Mwaka 2006 Topps walimchapa Alex Gordon wa Kansas City Royals kabla hajaruhusiwa, kwa kuwa kanuni mpya ilikataza kadi ya mchezaji ambaye hajafika ligi kuu. Walizivuta, nyingine wakazitoboa katikati, lakini kiasi kilikuwa kimefika madukani. Watu walilipa maelfu ya dola ndani ya wiki chache, kisha joto likashuka na bei nayo. Mwaka 2007 kadi ya Derek Jeter ilitoka na marehemu Mantle amesimama kwenye kibanda cha wachezaji na Rais George W. Bush akipunga mkono jukwaani, utani wa mtu wa kompyuta uliopita mpaka mashineni. Topps waliuacha. Kila mtu alicheka, kila mtu akaipata, bei ikabaki ya kucheka pia.

Siku hizi makampuni hayangoji ajali. Yanachapa kadi zilizohesabiwa, moja ya kumi, moja ya moja, na yanatia ndani ya pakiti hata zile pleti za chuma zilizotumika kuchapia, kila rangi na pleti yake, zikiuzwa kama vitu vya pekee duniani. Nakiri sivutiwi nazo. Uadimu uliotangazwa kwenye pakiti ni mwerevu, lakini hauna kisa cha kusimulia.

Jua na dawa

Penye bei pana wachakachuaji. Njia nyepesi kuliko zote haihitaji hata kalamu: weka kadi dirishani. Wino wa njano na waridi hufa mapema kwa mwanga wa jua, bluu na nyeusi hudumu, na baada ya miezi unayo kadi iliyokosa rangi, tayari kwa tangazo. Wengine hufuta jina kwa dawa au kulikwangua. Ndiyo maana mnunuzi wa Thomas haangalii jina peke yake. Huangalia kama ule mstari wa fremu nao umekatika pale unapopaswa kukatika, na kwa lenzi huangalia kama vitone vya rangi nyingine bado viko imara na mng'ao wa karatasi haujachubuliwa. Mashine hukosea kwa utaratibu wake. Mdanganyifu hukosea ovyo.

Pwani yetu ina kisa chake cha aina hii, na ndicho chenye uwezekano wa kumhusu msomaji wa hapa kuliko Frank Thomas yeyote. Mwaka 1895 posta ya Zanzibar ilipopita mikononi mwa Waingereza hapakuwa na stempu za kisiwa. Zikachukuliwa stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, zikapelekwa kwenye ofisi ya Zanzibar Gazette, na pale zikagongwa juu yake neno Zanzibar. Wapanga herufi walikosea: kuna zilizosomeka Zanzidar, kuna Zanibar. Yaligunduliwa, yakarekebishwa, na leo stempu hizo zimo kwenye katalogi kubwa za dunia kwa bei iliyo mbali sana na ya wenzake.

Tatizo ni kwamba kughushi neno moja jeusi juu ya stempu ya India ya bei rahisi ni kazi ndogo kuliko kughushi noti, na waghushi walianza mapema. Kwa hiyo ukifungua sanduku la babu ukakuta Zanzidar, usiibandue kwenye bahasha, usiioshe, usiisugue. Bahasha yenye muhuri wa tarehe ni nusu ya ushahidi. Kisha omba cheti cha mtaalamu wa stempu kabla ya kuomba bei, na usimwamini anayekutajia bei kabla ya cheti.